Sukari Aliyonyimwa Akumu

Siku sukari iliporudi Eldoret, watu walijaa katika duka la Hamza mpaka foleni ikamwagika barabarani. Ilikuwa Machi mwaka 2008. Barabara ya Nakuru ilikuwa imefunguliwa, malori yalikuwa yameanza kupita tena, na akina mama waliokunywa chai chungu tangu Krismasi walisukumana kwa viwiko bila kuombana radhi. Akumu alikuwa katikati yao na koti lake la pinki la kazini, mtandio ukimfunika mashavu, akienda popote msukumo ulipompeleka.

Alipofika kaunta aliomba kilo mbili. Mwenye duka, kijana mrefu wa Kisomali aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa pasi, alimwona uso mtandio ulipoteleza. Akaweka mizani kando.

"Wewe madam sikuuzii sukari."

"Kwa nini?"

"Hiyo uso yako inalia. Ukiiongezea sukari itakushtaki."

Foleni ikacheka. Zamani Akumu angemjibu neno la kumkata maini, maana binti aliyezaliwa Ahero hakosi jibu. Siku hiyo hakuona haya wala hasira. Aliitafuta hasira moyoni, akaikosa, akageuka kwenda zake. Aliyeona haya ni Hamza mwenyewe. Alimkimbilia mlangoni, akamtia mkononi pakiti ya chai ya kijani kutoka mashamba ya Nandi, akamwambia ainywe bila maziwa wala sukari, ngozi itatulia.

"Nani amekuambia?" Akumu akauliza.

"Imeandikwa kwa pakiti."

Alilisema kwa unyofu kiasi kwamba Akumu akaichukua ile pakiti.

Kabla ya uchaguzi, Akumu alikuwa akikaa mtaa wa Langas na Waithira, shoga yake waliyekula naye sahani moja tangu chuo. Kura zilipotangazwa, vijana walikuja na petroli. Walimwambia Akumu atoe vitu vyake kwanza, kwa kuwa kabila la jina lake halikuwa na shida. Kisha wakaichoma nyumba kwa sababu ya jina la mwenzake. Waithira alipandishwa lori la polisi na gauni la kulalia, akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Showground, na baadaye Nakuru. Simu za Akumu hakuzipokea. Akumu hakulia. Alihamia chumba kimoja mtaa wa Huruma, akarudi kazini katika duka la vipodozi la Mama Nasambu, na uso ukaanza kumharibikia: vipele kwenye paji, mabaka makavu mashavuni yaliyobanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Krimu zote za dukani zilishindwa. Mama Nasambu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia kwa upole kwamba hakuna atakayenunua urembo kwa mtu mwenye mabaka, na kwamba asipopona itabidi kaunta ishikwe na mwingine. Akumu alimsikiliza kama anayesimuliwa habari za jirani.

Basi akanywa ile chai. Ilikuwa chungu, ina harufu ya nyasi zilizokatwa, na pakiti ilipokwisha alirudi kwa Hamza kununua nyingine. Hamza alimwambia maji yake lazima alikuwa akiyachemsha kupita kiasi, akamwonyesha, akammiminia kwenye glasi ndogo. Ikawa desturi. Saa ya chakula cha mchana Akumu alivuka barabara, akaketi juu ya gunia la mchele nyuma ya kaunta, wakanywa pamoja huku wateja wakiingia na kutoka. Hamza alimwita Mama Krimu. Akumu alimwita Daktari wa Pakiti. Jioni Hamza alimpigia simu kumuuliza kama amekunywa, na ikiwa amekunywa, mbona sauti yake haijapona. Mara ya kwanza Akumu kucheka, kicheko kilimtoka kwa ukali hata akashika kinywa.

Kidogo kidogo Hamza naye akasema ya kwake. Kaka yake Ali alikuwa dereva wa malori. Siku za vita vya baada ya kura alikuta barabara imezibwa kwa mawe, lori likachomwa, naye akafia humo. Hamza alisema amemzika, amefungua duka, amepokea mizigo, na bado hajui ni lini ataanza kuhuzunika. Akumu hakumpa pole. Alimsogezea glasi yake, na wakanywa, kila mmoja akijua mwenzake amekwama wapi.

Mvua za Mei zilipokolea, uso wa Akumu ulikuwa umetulia. Huenda ilikuwa chai, huenda ilikuwa kuacha sukari, huenda ni kuwa na mtu anayekutazama kila siku. Mabaka yalififia na ngozi ikang'aa ile rangi yake ya kahawa. Wateja waliuliza anapaka nini, na Mama Nasambu akamnunulia blauzi mpya ya manjano ili asimame karibu na dirisha. Habari za kuondolewa kaunta hazikutajwa tena.

Ni Mama Nasambu huyohuyo aliyemletea habari. Hamza alikuwa hajafungua duka siku kadhaa, akisema kwenye simu kwamba ana wageni. Mama Nasambu alikuwa amesikia wageni hao ni akina nani: wazee wa ukoo kutoka Isiolo, waliokuja kumwambia amwoe Dahabo, mjane wa Ali, alee watoto wa marehemu. Alimwambia Akumu asimshangae, kwani hata kwao Ahero mjane hurithiwa. Akumu alilijua hilo. Mama yake mwenyewe alirithiwa na shemeji, na hakuna aliyemuuliza.

Alimpigia Hamza.

"Nasikia unaoa," alisema.

Hamza akakiri. "Wameniambia. Sijajibu."

"Na mbona hukuniambia mimi?"

"Nilitaka kwanza nijue nitasema nini. Akumu, hao ni watoto wa Ali."

"Najua. Hongera."

"Usiniambie hongera."

"Sasa nikuambie nini?" aliuliza, kwa sauti ileile ambayo angemuuliza mteja anataka krimu ya ukubwa gani. Akakata simu, na zilizofuata hakuzipokea. Baadaye alikumbuka kwamba ndivyo Waithira anavyomfanyia yeye.

Hakuvuka barabara tena. Chai aliendelea kuinywa, ya kununua supermaketi, na uso ukazidi kupendeza. Lakini kifua kikaanza kumbana. Kilimbana akipanga chupa, kilimbana akipiga mswaki. Alidhani ni nimonia kwa ile baridi ya Eldoret, akaenda zahanati. Daktari alimsikiliza mapafu mbele na nyuma, akasema hayana neno, akamuuliza kama kuna jambo nyumbani. Akumu akasema hakuna. Njiani alisimama kwenye daraja la mto Sosiani, akayatazama maji ya matope, na hapo ndipo alipofahamu kwamba kile ni kilio. Alikuwa amesahau kinavyoanza. Akalia wazi, watu wakipita na mizigo yao. Mwanamke mmoja muuza ndizi alisimama kando yake mpaka akamaliza, kisha akaenda zake bila kuuliza.

Wiki hiyo mwanamke mwembamba aliyevaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya haradali aliingia dukani kwa Mama Nasambu. Alinusa losheni mbili tatu, hakuchagua hata moja.

"Wewe ndio Akumu," alisema. "Mimi Dahabo."

Akumu akaweka mikono juu ya kaunta.

"Nimewakatalia wazee," Dahabo akaendelea, taratibu. "Hamza alitaka kukataa, lakini yeye akikataa wataona ametupa watoto wa ndugu yake. Nikamtangulia. Mimi wakinilaumu, nitakuwa kwa mama yangu Isiolo, sitasikia."

"Sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Sikufanya kwa ajili yako. Ali ni juzi tu, na mimi si kanzu ya marehemu mtu anipime." Alinyanyua chupa moja, akaitazama. "Yeye anakaa pale dukani kama gunia. Nenda, ama mwambie huendi. Usimwache hivyo."

Akumu alimwomba Mama Nasambu ruhusa, akavuka barabara na ile blauzi yake ya manjano. Hamza alikuwa peke yake, ndevu hazijachongwa, shati halijapigwa pasi. Alisimama alipomwona. Akamwambia kwamba watoto wa Ali atawasomesha daima, asije akadhani atawaacha. Akumu akasema hangemtaka mtu anayewaacha. Kisha Hamza akasema, bila kupiga goti wala kutafuta maneno, kwamba anataka kumwoa, na kanisa lake abaki nalo.

"Sitakudanganya," Akumu akasema. "Tangu nyumba ichomwe kuna vitu sivisikii. Furaha siisikii vizuri. Unaweza kuoa mtu kama huyo?"

"Hata mimi siisikii vizuri," Hamza akajibu.

Akumu alitoa simu, akampigia mama yake Ahero papo hapo, kabla hajaogopa. Alimwambia jina la mtu, dini yake na kazi yake. Kuku walisikika uani kwao. Kisha mama akauliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

"Unampenda?"

Akumu alimtazama Hamza, aliyekuwa amesimama mikono imelegea, akingoja.

"Asipokuwepo ninaumia, Mama."

Upande wa pili mama akashusha pumzi.

"Basi mlete tumwone," akasema.