Mguu Katika Kichupa cha Saba

Wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo, mnatangaziwa kwamba siku ile sayansi ilipiga hatua kubwa. Ilipiga hatua hiyo jikoni, kwa chujio la chai, na mwenye chujio hakuombwa ruhusa.

Mwenye chujio ni Mama. Ana kitalu cha miche kando ya kijito, na huinywesha maji ya kijito hicho asubuhi na jioni. Karakana ya kutia vitambaa rangi ilipofunguliwa upande wa juu, miche ilianza kunyauka. Kwanza nyanya, kisha kabichi, kisha uso wa Mama mwenyewe.

Alilalamika manispaa. Afisa akaja na buti mpya. Akachota wadudu wa majini upande wa juu wa karakana, akachota na chini yake, akawakodolea macho. Akasema wadudu ni walewale, kwa hiyo maji ni yaleyale. Kama miche inakufa, basi Mama hajui kazi, na kiwanja hicho cha manispaa apewe mtu mwingine. Alimpa hadi mwisho wa mwezi kuleta ushahidi.

Siku hiyo Mama hakugusa chakula. Kitalu ndicho kinachomlisha yeye na binti yake.

Jirani yao hufanya kazi maabara, na mtaa mzima humwita Dada Maabara. Aliposikia, alikuja na vichupa, kibanio kidogo na chupa ya spiriti. Binti wa Mama alikuwa likizo kutoka shule ya bweni, akaambiwa asaidie. Binti huyo huitwa Chokochoko. Jina hilo hakulipata kwa upole.

Dada Maabara alieleza kwamba wadudu wale ni wachanga, na wachanga hufanana mno. Kuna wanaokufa maji yakichafuka kidogo tu. Kuna wanaofanana nao wanaoishi humo humo na kunenepa.

"Sasa mwanangu, tutawatofautishaje?" Mama alimuuliza Dada Maabara.

"Mama, umeona ile mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni? Mashine ya dukani ikiisoma, inajua ni sabuni gani. Mdudu naye ana maandishi yake ndani ya mwili. Yanaitwa vinasaba. Tunachukua mguu mmoja tu. Maabara inasoma kipande kifupi cha maandishi hayo, halafu inakilinganisha na orodha ya wadudu wanaojulikana."

Kwa chujio la chai la Mama walichota wadudu kumi juu ya karakana na kumi chini yake, wakawaleta jikoni. Kila mguu uliwekwa kichupa chake, na mwili wa mdudu ukahifadhiwa kando kwa namba ileile. Kibanio kilisafishwa kila mara, vinasaba vya huyu visimwingie yule. Lebo ziliandikwa kwa penseli. Chokochoko alikuwa ameanza na kalamu ya wino, kwa mwandiko wa kuringia. Spiriti ikaufuta wote mara moja, akaanza upya huku akinuna.

Pengine ni kununa huko. Dada alipotoka kunawa mikono, Chokochoko aliokota mende aliyekufa chini ya kabati. Mguu wa mende ukaingia kichupa cha saba, mguu wa mdudu ukaenda sakafuni. Alitaka tu kuona maabara itasemaje.

Maabara ilisema. Dada alirudi na karatasi na hakuwa na tabasamu. Wadudu wote wa chini ya karakana walikuwa wale wanaovumilia uchafu. Wa juu walikuwa wale wa maji safi, isipokuwa namba saba.

"Namba saba ni mende," alisema.

Mama aliinamisha kichwa. Alidhani ni uchafu wa jiko lake. Alisugua jiko lile siku mbili mfululizo, hata miguu ya meza. Chokochoko alimtazama, akamletea maji mengine.

Kikao kilikuwa Ijumaa, ofisini kwa afisa. Afisa alisoma karatasi hadi mstari wa saba, akacheka kidogo.

"Mende, Mama? Hiki ni kijito au kabati la vyombo?"

Akasema vipimo vimechanganyika, havifai, na kiwanja kitatangazwa Jumatatu. Mama alifungua mdomo aombe radhi kwa ajili ya jiko lake. Hapo Chokochoko akasimama. Magoti yaligongana ndani ya sketi.

"Shikamoo, mzee. Jiko la Mama ni safi. Mende nilimtia mimi, kwa mzaha."

Mama hakugeuka kumtazama.

Dada Maabara alisema mwili wa mdudu wa saba bado upo. Afisa aliwapa wiki moja, na safari hii mguu ulitolewa mbele ya macho yake. Majibu yalikuja: mdudu wa maji safi, kama wenzake tisa.

Karakana iliamriwa kuchimba mashimo ya kusafishia maji yake kabla hayajafika kijitoni. Kiwanja kilibaki kwa Mama. Sasa nyanya zake zinasimama wima, na kila miezi mitatu wadudu hupimwa tena.

Msimulizi alikusudia kuishia hapo kwa heshima. Bahati mbaya Mama ameisoma hadithi hii na kuuliza mwandishi alijuaje kwamba magoti yaligongana, wakati sketi ilikuwa ndefu na hakuna aliyeyaona.

Magoti ni yangu, Mama. Nisamehe.