Nilikuomba Mashine ya Polepole

"Zima hiyo kitu, Kipkirui. Zima!"

Chepchirchir alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni na trei ya chai. Pale sebuleni kwao, kijijini Chepilat, baba yake Mzee Aron alikuwa ameutoa mkono kwenye kibodi na kuuficha chini ya blanketi.

"Mzee, jaribu tena," Kipkirui alisema.

"Nijaribu nini? Nikigusa tu, nyoka amekufa. Wacha nipumzike."

Mzee Aron alikuwa karani wa kiwanda cha majani chai. Saa ya lunch alikuwa akicheza mchezo wa nyoka kwa kompyuta ya ofisi, na hakuna aliyemshinda. Kisha Machi ya mwaka wa tisini na nane stroke ikamshika mkono wa kulia. Daktari wa hospitali ya Longisa alisema vidole vifanye mazoezi kila siku. Akapewa mpira wa kufinya, akautupa. Alisema neno moja tu: "Nitafutieni kompyuta kama ile yetu ya zamani."

Chepchirchir akampa kazi hiyo mchumba wake Kipkirui, mwalimu wa kompyuta katika college moja Kericho. Sasa alimvuta nje.

"Nilisema 386, ile ya zamani ya polepole. Nimesema mara ngapi?"

"Chepchir, nimeleta Pentium! Windows tisini na nane, CD, spika mbili!"

"Ule mchezo uliomnakilia unafuata spidi ya mashine. Wewe mwenyewe ndiye ulinifundisha hivyo. Kwa hii, nyoka anaenda kama risasi. Na diski za baba alizotoka nazo kazini ni zile kubwa, laini. Hii haina hata mahali pa kuziingiza!"

"Nitamwekea mchezo wa magari."

"Hajaomba magari!"

"Basi nifanyeje? Ile 386 ya college iliungua. Nilikuambia."

Chepchirchir alirudi ndani. Alikuwa amechoka kuomba.

Jumatatu alipiga simu college kutoka dukani kwa Waceke. Fundi, Gichuki, ndiye aliyeshika.

"Gichuki, ni Chepchirchir, mchumba wa Kipkirui. Ile 386 iliyoungua, haiwezi kutengenezwa?"

"Iliungua? Iko hapa mbele yangu, madam. Ni betri ya saa tu imekufa. Kipkirui alisema niifungue nitoe spea, ati nyinyi mliikataa."

"Nani alikataa?"

Hakungoja jibu.

"Usiguse hiyo mashine, Gichuki. Nakuja."

Alipofika Kericho alimkuta Kipkirui kwa workshop, ameinamisha kichwa.

"Ulinidanganya."

"Niliona haya. Wiki mbili zijazo wajomba zangu wanakuja kwenu kwa koito, kukuposa rasmi. Waone nimeletea baba mkwe chuma kimegeuka manjano? Watanichekelea."

"Kwa hivyo wewe usichekwe, baba yangu ndiye aaibike? Uliona vile alificha mkono?"

Kipkirui alimsogezea kiti; Chepchirchir akakisukuma kando.

"Waambie wajomba wako wasije."

Akamgeukia Gichuki. "Niwekee betri mpya, na DOS ya zamani peke yake. Sitaki Windows. Na floppy ile kubwa, ya kusoma diski za baba."

"Kibodi ni gani, madam? Kuna hii mpya, laini, na hii nzito ya zamani."

"Hiyo nzito. Asikie kidole kimebonyeza."

"Na sound card?"

"Hapana. Spika ya ndani inatosha. Yeye anapenda ule mlio."

Kipkirui alinyoosha mikono kubeba skrini. Chepchirchir akampita, akaibeba mwenyewe.

Lakini nyumbani diski zilikataa kusomeka. Siku tatu alizitoa, akazirudisha, akapuliza vumbi, mpaka akalia. Hakumpigia Kipkirui; alimpigia Gichuki tu.

Jumamosi Kipkirui alikuja mwenyewe, viatu vimejaa matope, mkononi chupa ya spiriti na pamba. Hakuketi.

"Baba, ile mashine ilikuwa nzima. Nilidanganya kwa sababu niliona haya. Nisamehe."

Mzee Aron aliionyesha mashine kwa kidevu.

"Na hujaniuliza hata siku moja nilikuwa nacheza vipi."

"Sijakuuliza, baba. Ulikuwa unacheza vipi?"

"Turbo, kile kitufe cha spidi, imezimwa. Taratibu kabisa."

Kipkirui alipiga magoti, akafungua mashine, akapangusa ndani ya floppy na kuitoa diski ukungu polepole. Alibonyeza kile kitufe cha turbo, taa yake ikazimika. Nyoka akatokea, akitambaa. Kidole cha Mzee kilitetemeka juu ya kibodi, kikashuka. Nyoka akapinda kona. Akala tunda moja, la pili, la tisa, kisha akagonga ukuta.

"Tena!" Mzee akapaza sauti.

Chepchirchir, aliyekuwa akisikiliza jikoni, alitoka akipangusa macho kwa leso.

"Wajomba uliwaambia nini?"

"Wasije. Na nikawaambia sababu."

"Ukweli wote?"

"Wote. Mjomba Jonah alinigombeza mbele ya mke wake."

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, Chepchirchir alicheka.

"Waambie waje Desemba."

Walikuja tarehe kumi na mbili. Maziwa yalipokwisha kunywewa, Mjomba Jonah aliuliza mbele ya wote:

"Chepchirchir, unamtaka huyu kijana wetu?"

"Namtaka. Lakini akinidanganya tena, hata kama ni kwa haya, nitarudi hapa kwa baba na nisifuatwe."

Wazee waliguna. Mjomba Jonah akamgeukia Kipkirui.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba. Na asifuatwe."