Stoo ya Rodah na Nyasi za Oketch

Rodah alichuma majani chai tangu asubuhi. Saa tano alibeba kikapu hadi kituo cha kupimia, akarudi, akanywa chai ya maziwa. Kisha, kabla ya kufanya jambo lingine lolote, akafungua kufuli ya stoo.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa mpakani. Baba mkwe wake aliijenga kwa nguzo za mti wa blugamu zilizochimbiwa ardhini. Sasa ilikuwa imeinama upande wa bonde, kama mzee anayesikiliza siri. Ndani kulikuwa na majembe, vikapu na gunia la mbolea ya kutia kwenye chai mwezi ujao.

Gunia lilikuwa limepungua tena.

Rodah alimwambia mumewe, Kiptum, kwamba kuna mtu anachota mbolea yao.

"Wewe hata jogoo akiwika mara mbili unamshuku," alisema Kiptum.

Rodah hakucheka. Ng'ambo ya ua, upande wa bondeni, kulikuwa na nyasi za Oketch, jirani aliyekuwa seremala wa shamba kubwa la chai hadi alipostaafu. Kwingine nyasi hizo zilikuwa za kawaida. Karibu na ua zilikuwa zimenona hadi zikawa kijani cheusi, na zilifika kiunoni. Tena Oketch hakuzikata. Kwa nini mtu mwenye ng'ombe aache nyasi nzuri hivyo? Rodah alijijibu mwenyewe: mwizi haaniki mali ya wizi barabarani.

Jioni hiyo alinyunyiza majivu mlangoni mwa stoo. Siku tatu mvua ilinyesha, lakini majivu yalikuwa chini ya paa, nayo hayakukanyagwa hata na paka. Hata hivyo gunia lilipungua. Basi Oketch huingia kwa nyuma, aliwaza Rodah, pale mbao zilipoachana.

Aliamua kwenda kwa mzee wa kijiji siku ya Jumamosi. Moyo wake ulikuwa mzito. Mwaka ambao Kiptum alivunjika mguu, ni Oketch aliyewakamulia ng'ombe mwezi mzima. Baada ya Jumamosi, ujirani huo ungekwisha.

Alhamisi nguzo ya nyuma ilivunjika. Kiptum hakumuuliza mkewe. Alimwita Oketch.

Oketch alikuja na nyundo na kisu kidogo. Alisema hakuna haja ya kununua kila kitu kipya. Waibomoe stoo polepole, wachague kilicho kizima. Anataka kufuta nyayo zake, aliwaza Rodah. Akakunja mikono, akasimama karibu naye, akitazama kila msumari uliong'olewa.

Oketch alichoma nguzo kwa kisu karibu na ardhi. Kisu kilizama hadi mpini. Akachoma tena penye kimo cha bega. Kisu kiligoma.

"Nguzo imeoza mguu tu," alisema. "Tukate mguu, tuisimamishe juu ya msingi wa mawe na saruji, tuifunge kwa chuma. Isiguse udongo tena. Stoo itafupika kidogo, lakini wewe, Mama Chepchirchir, si mrefu," alimwambia Rodah, akimwita kwa jina la bintiye.

Mbao alizijaribu vivyo hivyo. Mabati manne yalikuwa mazima. Walihitaji kununua mabati matatu tu, misumari na mfuko mmoja wa saruji. Kiptum, aliyekuwa ameuliza bei ya stoo mpya mjini Kaplong akaona hawaiwezi, alianza kutabasamu.

Kisha wakainua gunia. Chini yake sakafu ya udongo ilikuwa imelowa. Kitako cha gunia kilikuwa kimepasuka. Kutoka hapo maji ya mvua yalikuwa yamechimba mfereji mdogo, ukapita chini ya ukuta, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye ua.

Oketch alichuchumaa. Alitazama mfereji, kisha akatazama nyasi zake.

"Kumbe ni mbolea," alisema. "Nyasi hizi ziliniogopesha. Nilidhani unamwaga kitu upande wangu. Sijampa ng'ombe hata jani moja."

Rodah alimweleza jinsi alivyomshuku na habari ya majivu, hakuficha kitu.

"Ulikuwa uende kwa mzee wa kijiji lini?" aliuliza Oketch.

"Jumamosi."

"Mimi nilikuwa niende Ijumaa."

Kiptum ndiye aliyecheka kwanza.

Oketch aliwaeleza kwamba mbolea huvuta unyevu. Ikiwekwa chini huyeyuka, na maji huibeba. Akaongeza kwamba nyasi zilizokunywa mbolea nyingi zinaweza kumdhuru ng'ombe, kwa hiyo alifanya vizuri kuziacha.

Siku mbili walijenga. Upande wa juu walichimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua. Paa walilitokeza nje ya kuta. Kwa mbao za zamani walitengeneza kichanja, wakaweka juu yake gunia jipya, likiwa limefungwa mdomo, bila kugusa ukuta. Mbolea iliyobaki waliiingiza humo.

Mvua zilikuja. Gunia halikupungua, na mwezi uliofuata mbolea ilitosha chai karibu yote. Nyasi za Oketch zilirudia rangi yake ya kawaida.

Siku moja Rodah alipotaka kwenda Ndanai kumwona dada yake, alipita kwa Oketch, akamkabidhi ufunguo wa stoo.

"Na majivu umemwaga?" aliuliza Oketch.

"Yameisha," alisema Rodah. "Niliyatia kwenye sukuma wiki."