Dumu la Rubisi Lililokwenda Bukiriro

Asubuhi stendi ya Nyegezi, Mwanza, ilikuwa imechangamka. Wapiga debe waliita Geita, Biharamulo, Ngara, na maduka ya simu yalishindana kwa muziki. Koleta, fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya maduka ya vitenge, alikuja mbio, gauni lake la njano likimpigapiga miguuni. Robota lake lilikuwa linaingizwa kwenye buti la basi la Kahama.

"Kaka, toa hilo. Hizo ni sare za kwaya, zinakwenda Bukiriro, Ngara."

Mpakiaji mizigo aligeuka, mrefu, kofia imeinamia sikio. "Ungechelewa kidogo, dada, Kahama wangeimba wamependeza."

"Wa wapi wewe, usiyejua njia ya Ngara?"

"Nyarubungo, Biharamulo. Naitwa Desderius. Njia naijua, nimechanganywa na hilo gauni."

Koleta alitaka kununa, akacheka.

Tangu hapo Desderius hakupita kibandani bila chapati ya moto. Jioni walipigiana simu.

"Umekula, mama?" Desderius aliuliza.

"Nimekula. Wewe umesali?"

"Nilisinzia katikati ya rozari."

"Anza upya, mpenzi. Nakusikiliza."

Wakasali pamoja, kila mmoja chumbani kwake.

Kisha habari ikaja kwamba baba yake Koleta ameteleza migombani, mguu umevimba. Desderius alimpa pole, akamuuliza jina la mzee. Siku chache baadaye, mchana, Koleta akiwa anakata kitambaa, mama yake alipiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatuficha mambo, Koleta? Basi limeshusha dumu la rubisi, limeandikwa jina la kijana Desderius. Baba zako wadogo wameitwa, wamekaa. Wakinywa, umeposwa na tumekubali. Wasipokunywa, linarudi na basi la kesho. Baba yako ameshika mrija, anangoja."

Uso wa Koleta uliwaka. Kwao Bukiriro kijana hapeleki rubisi, pombe ya ndizi, kwa baba wa binti hivi hivi. Ina maana ameombwa kama mbuzi, yeye mwenyewe hana habari? Aliacha mkasi juu ya kitambaa, akapita katikati ya maduka hadi stendi.

"Desderius, umeniposa bila kuniuliza?"

Desderius alishusha gunia la viazi. "Nimekuposa?"

"Rubisi uliyompelekea baba ni ya nini?"

"Ya kumpa pole. Kwetu mzee akiumia anapelekewa kinywaji."

"Kwetu ni posa."

Wapiga debe wawili walisogea kusikiliza. Desderius alivua kofia. "Basi nimpigie baba yako, nimwambie nimekosea. Lirudi."

Neno hilo lilimchoma Koleta kuliko dumu lenyewe. "Lirudi? Kumbe huna nia."

"Nia ninayo, Koleta. Kila nikisali naomba ujasiri wa kukwambia. Nilitaka nikuulize wewe kwanza."

Simu ya Koleta iliita. Alikuwa baba yake.

"Binti yangu, wazee wana kiu huku. Huyo kijana yuko karibu?"

"Yuko hapa, baba."

"Mpe simu."

Desderius aliipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tunywe au turudishe?"

Koleta alimkazia macho. Neno moja tu la Desderius, na yeye angekuwa mke wa mtu kabla hajafungua kinywa.

"Nisamehe, baba," Desderius alisema. "Nilituma pole ya mguu, sikujua desturi yenu. Binti yako sijamuuliza. Naomba nimuulize sasa, mkiwa mnasubiri."

Kicheko cha wazee kilisikika hadi nje ya simu. Desderius aliishusha kifuani.

"Ningependa kukuuliza tukitoka kanisani, si kwenye magunia. Koleta, utakubali nikuoe?"

Koleta alifumba macho. Bwana, ongoza ulimi wangu, aliomba moyoni. Nyuma yao basi la Ngara lilipiga honi.

"Mjibu, dada," mpiga debe mmoja alinong'ona. "Mwenzio anakufa."

Koleta alinyoosha mkono, akachukua simu.

"Baba."

"Nakusikia, mwanangu."

"Kunyweni."

Desderius aliketi juu ya gunia, na vigelegele vya Bukiriro vikajaa mkononi mwa Koleta.