Shemeji Alitema Mvinyo Wangu Mbele ya Watu

"Akifa huyu mama, mkeo asione jua la kesho."

Nilikuwa jikoni, mlango umefungwa kwa nje. Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa.

Aliyeyasema ni Shangazi Kabula, dada wa baba mkwe wangu.

Aliyekuwa akiambiwa ni Silasi. Mume wangu. Ndoa yetu ilikuwa na miezi minne.

Nikangoja amjibu...

Hakujibu kitu.

Wajukuu zangu mnaonisoma, kaeni vizuri. Bibi anawasimulia jinsi bilauri moja ya mvinyo wa asali ilivyotaka kunitoa roho.

Ilikuwa mwaka sabini na tano. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Urambo, nyumba zimepangwa mstari, mlango wako unatazamana na wa jirani. Ukipata, wote wanajua. Ukikosea, wote wanaona.

Mimi ni Pelagia, mtoto wa Gongoni, Tabora mjini. Mama yangu alinifundisha kutengeneza wanzuki, mvinyo wetu wa asali. Bia ilikuwa ya wenye mishahara. Sisi tulikuwa na asali ya msituni, maji, na subira.

Ukweni waliupenda. Baba mkwe, Mzee Lugembe, hakulala bila kikombe chake.

Isipokuwa mama mkwe.

Kila nikimpa, anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, halafu anamsogezea jirani. Sikuwahi kuona midomo yake ikigusa.

Iliniuma, jamani. Nikajiambia, huyu mama hanipendi.

Halafu Mzee Lugembe akaanza kuumwa tumbo. Leo nafuu, kesho kajikunja. Nikipika, namwona Shangazi Kabula ananitazama mikono.

Basi siku moja mchana, likaja lori la tumbaku. Akashuka Marko, mdogo wake Silasi, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha mvinyo huko Dodoma. Mimi ndiyo kwanza namwona.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nimekuja kuwaona tu. Lori likimaliza kupakia narudi nalo stesheni, sanduku langu linakuja na treni ya mizigo. Kesho asubuhi nipo."

"Hata maji hunywi?" mama akamuuliza.

"Shemeji yako ana kitu kizuri kuliko maji," Silasi akasema, anajidai.

Nikachota wanzuki kwenye bilauri ya wageni. Nikaonja kwanza mbele yao, kama desturi ilivyo. Anayekukaribisha ndiye anayetangulia kuonja, ili ujue hakuna neno ndani.

Marko akapokea. Lakini hakunywa.

Akaiinua bilauri, akaitazama kwenye mwanga. Akaizungusha taratibu. Akaingiza pua... akanusa. Akafumba macho, akanusa tena.

Shangazi Kabula akasogeza kigoda chake karibu.

Akapiga funda. Akalisukuma huku na huku mdomoni, kama mtu anayesukutua.

Kisha akageuka pembeni, akatema mchangani.

Wajukuu zangu, kwetu ukinusa kinywaji mbele ya aliyekupa, umemwambia ametia kitu. Ukitema, umesema kitu chenyewe umekiona.

Lori likapiga honi. Marko akanirudishia bilauri, akaanza kukimbia.

"Shemeji, hii si ya kunywa hivihivi. Kesho tutazungumza."

Akadandia. Likabaki vumbi.

"Mmemsikia?" Shangazi Kabula akasimama. "Si ya kunywa. Mtoto wetu kasoma mambo ya vinywaji, kanusa mara moja tu kajua. Na sisi tunajiuliza kaka anaumwa nini."

"Shangazi, nimeonja mwenyewe. Wote mmeniona."

"Mchawi hafi kwa dawa yake."

Majirani wakaanza kusogea. Sauti ya Shangazi ilikuwa haihitaji kupelekwa.

"Silasi, sema kitu," nikamwambia.

Silasi akatazama viatu vyake.

Mtu mmoja nyuma akauliza kama kuna kamba. Sikugeuka kumtazama. Mpaka leo sijui ni nani, na nashukuru sijui, maana niliishi nao miaka mingi.

Ndipo mama mkwe akanyanyuka kwenye mkeka.

Akaja mpaka niliposimama, akanitoa ile bilauri mkononi. Ilikuwa na mabaki ya Marko. Akanywa yote. Akainama kwenye mtungi, akachota nyingine imejaa, akanywa. Akachota ya tatu.

Alikuwa amekunja uso kama mtu anayemeza dawa ya homa.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Kama kuna sumu, sasa iko kwangu. Tungojeni."

Yule mama niliyesema hanipendi.

Tukangoja. Hakuna aliyekwenda shambani, hakuna aliyekwenda kisimani. Shangazi akafunika mtungi kwa ungo, akakaa jirani nao kama askari.

Jua lilipoanza kuinama, mama akataka kuinuka. Magoti yakakataa.

Macho yakawa mekundu. Ulimi ukawa mzito. Akacheka peke yake... akalia... akaita jina la marehemu mama yake. Halafu akatapika, akaanguka upande.

"Mmeona?" akasema Shangazi. "Mmeona wenyewe?"

Wakanisukumia jikoni, wakafunga. Hapo ndipo niliposikia yale maneno niliyoanza nayo.

Rozari yangu ilikuwa chumbani, nikasali kwa kuhesabu vidole. Sikujiombea mimi. Niliomba yule mama aamke, walau nimwombe radhi kwa nilivyomdhania.

Kulipokucha nikasikia sauti ya Marko nje.

"Mwangaluka," akaamkia, salamu yetu ya asubuhi.

Nikasikia akitua sanduku chini.

"Kuna nini? Mbona mmekaa kama mna msiba?"

"Ule uliotema wewe," Shangazi akamjibu, "mama yako kaunywa. Yuko ndani, hajitambui. Aliyemtilia sumu tumemfungia jikoni."

"Sumu gani?"

"Si wewe uliyenusa ukatema?"

"Shangazi, mimi ndiyo kazi yangu. Kutwa naonja mapipa kwa mapipa. Nikimeza yote, saa nne nimelala chini. Tunatazama rangi, tunanusa, tunaonja, tunatema. Nimezoea vibaya, hata chai nainusa."

"Ulisema si ya kunywa."

"Nilisema si ya kunywa hivihivi! Mvinyo ule haunywewi mtu ana haraka ya lori. Nilitaka tukae chini, tuuonje pamoja na huu niliouleta."



"Sasa mama anaumwa nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Silasi. Hatimaye.

Nikamsikia Marko akiingia ndani, na wengine nyuma yake. Mtu akanifungulia mlango, sikumwangalia ni nani, nikakimbilia huko huko.

Marko alikuwa amechutama karibu na mkeka. Akainamisha uso mpaka kwenye mdomo wa mama yake. Akanusa, vilevile kama alivyonusa bilauri.

Mabega yakaanza kumtetemeka. Nikadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Mama... umelewa."

Mama akafumbua jicho moja.

"Nyamazeni. Kichwa kinaniuma."

Ndipo Mzee Lugembe akashika kichwa. Mke wake alikuwa Mmoraviani wa kweli. Tangu abatizwe msichana, hakuwahi kuweka pombe mdomoni. Wote pale walijua, ila hofu iliwafunga macho. Mimi mgeni peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

Nikapiga magoti. Akanishika mkono.

"Sikukataa chako kwa dharau, mwanangu. Nilikatazwa na kanisa. Nikaona aibu kukwambia, wewe mwenyewe umekitengeneza kwa mapenzi."

Nililia mpaka nikachoka.

Jumapili alikwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa, akasema amekunywa. Wakamuuliza sababu. Akasema, "Nilikuwa na kiu." Hakutaka jina langu litajwe. Wakamweka nje ya meza ya Bwana kwa muda, akawa anakaa benchi la nyuma kabisa.

Mimi Mkatoliki nikawa nakwenda kukaa naye hilo benchi.

Tumbo la Mzee? Minyoo. Zahanati walimpa vidonge, likanyamaza.

Silasi aliniomba radhi. Nilimsamehe, ila ilichukua muda mrefu kuliko wanzuki kuiva.

Na Marko alifungua lile sanduku. Mlikuwa na chupa za mvinyo wa Dodoma, ule wa bei ya chini ambao hata wafanyakazi wenyewe waliweza kuununua. Akatukalisha uani, akatufundisha: tazama, nusa, onja polepole, uliza moyo wako umekumbuka nini. Akasema usiulize bei mpaka umemaliza kuonja, maana bei ina mdomo mrefu. Akamimina na wanzuki wangu pembeni, mmoja una ukali wa zabibu, mwingine una harufu ya maua ya msituni baada ya mvua.

Aliyenusa muda mrefu kuliko wote ni Shangazi Kabula.

Wajukuu zangu, mtu akisema neno akaondoka, msimmalizie. Mngojeeni arudi. Kati ya "si ya kunywa" na "si ya kunywa hivihivi" kulikuwa na shingo yangu.

Na yule unayedhani anakukataa, mchunguze mikono. Yule wa kwangu alikuwa anapokea kwa miwili.

Siku hizi mjukuu wangu akija ananiletea chupa ya Dodoma, ile ya chini kabisa dukani. Naitazama kwenye mwanga, nainusa, naionja taratibu.

Kutema tu ndiko nisikoweza.

Mama alimeza. Na mimi nameza.