Mji wa Akullo Ulivyotekwa

Kila jioni, nyumbani kwao mtaani Kyebando, Exaucée aliosha vyombo kwa kasi ya ajabu. Mama yake, Blandine, hakushangaa tena. Alijua kwamba sahani ya mwisho ikishawekwa, binti yake ataomba simu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa enzi za mikuki na ngome. Kuteka mji wa adui hakutaki pupa. Kwanza unabomoa ukuta kwa gogo, kisha unawashinda walinzi, halafu unatuma wajumbe wawashawishi wakazi. Imani yao kwa mtawala wao inashuka kidogo kidogo. Ikiisha kabisa, bendera inabadilika na mji unakuwa wako. Owino, kijana Mkenya wa nyumba ya pili, alikuwa stadi wa kazi hiyo, na majigambo yake hayakuwa na mwisho.

Akullo, rafiki wa Exaucée, alikuwa mshirika wake mchezoni. Kabla ya kwenda Lira kumzika bibi yake, alimnong'oneza neno lake la siri.

"Nilindie mji wangu, bambi, tafadhali. Kijijini hakuna mtandao."

Exaucée aliulinda kweli, lakini ghala la Akullo lilikuwa limejaa nafaka, na tamaa haina haya. Aliingia kwa neno lile la siri, akawaondoa walinzi, akafungua lango na kuingiza jeshi lake mwenyewe kwa jina la bandia. Wakazi walioachwa bila ulinzi walikata tamaa upesi. Bendera ikabadilika.

Akullo aliporudi, alifungua mchezo akiwa kibarazani kwa akina Exaucée, Owino akiwa kando yake.

"Banange! Mji wangu! Nani ameuteka?"

"Owino," Exaucée akajibu haraka. "Ametumia jina jingine."

Owino alibaki mdomo wazi. "Mimi? Haki ya Mungu, sijaugusa!"

"Usiniongeleshe tena, mwizi wewe!" Akullo alifoka, machozi yakimlengalenga.

Mama Blandine, aliyekuwa akimenya matoke, aliinua macho. "Ukuta umebomolewa?"

Akullo alitazama simu. "Hapana, Mama. Uko mzima."

"Basi lango lilifunguliwa kutoka ndani. Nani mwingine alijua neno lako la siri?"

Akullo aligeuka polepole. "Exaucée? Ni wewe?"

Exaucée alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama aliweka kisu chini.

"Sikutaka kukwambia mapema. Waliotufukuza kwetu Kongo hawakuijua njia ya kijijini. Walionyeshwa na mtu aliyekula mezani kwetu."

"Nani, Mama?" Exaucée akauliza.

"Baba yako wa ubatizo."

Yule aliyembeba Exaucée kanisani alipobatizwa!

Mwishowe Exaucée alilia kwa sauti. "Ni mimi, Akullo. Owino, nimekusingizia. Nisameheni." Palepale aliliondoa jeshi lake, akaurudisha mji pamoja na nafaka yote.

Owino alishusha pumzi, akampa mkono. Akullo hakumpa. Alichukua simu yake, akaenda zake.

"Mama, mji nimeurudisha. Mbona bado amekasirika?"

"Kwa sababu hukuuteka mji tu, mwanangu. Aliyekuamini ndiye uliyemteka. Adui hubomoa ukuta, na ukuta hujengwa tena. Rafiki akikusaliti, hujui ujenge wapi. Kesho nenda kwao, ukaombe radhi tena. Na asipokufungulia, utakwenda keshokutwa."