Sakafu ya Gari la Mahmudi

Plagi nne za Champion zilifika karakana ya Gharibu zikiwa zimeviringishwa katika gazeti.

Tatu zilikuwa mpya. Ya nne ilikuwa na kijikaratasi tumboni.

*Ford ya Kanada. Saa nane. Watu sita. Ikague kwanza.*

Gharibu akakisoma mara moja, akakitia kinywani, akameza.

Nje, Kismayu ilikuwa kimya. Saa nane za mchana Mataliani hulala, na mji mzima huamriwa unyamaze ili waote vizuri. Walioandika kwamba walituletea barabara hawakuandika ni migongo ya nani iliyobeba mawe yake.

Mbele za watu, Gharibu wa Chovai alikuwa fundi wa magari. Nyuma ya pazia alikuwa jasusi wa Kamati, watu wachache wa visiwani waliowatorosha vibarua wa lazima kutoka mashamba ya pamba ya mtoni hadi ng'ambo ya mpaka, Kenya. Sita kati ya vibarua hao walikuwa wamejificha kwa Bi Arafa, muuza ufuta, nyumba ya tatu kutoka pale.

Wakikamatwa, hawarudishwi shambani. Wanapigwa risasi.

Miaka mitatu nyuma lori la Mataliani lilimchukua kaka yake, Famau, fundi wa mashua, angali na tezo la kuchongea mbao mkononi. Mwaka uliofuata Chovai ilimsomea khitma. Mama yao, Bi Khamisa, hakuonja wali wa khitma ile.

"Nitakula wali siku mkiniletea habari ya kweli," alisema.

Tangu hapo, kila chuma kikigonga chuma, Gharibu alisikia tezo.

Honi ikalia.

Ford Modeli A ya kijani ikaingia karakanani. Usukani kulia. Namba za Mombasa. Dereva akashuka na koti jeupe la vumbi, miwani myeusi na tabasamu.

"Salaam aleikum, fundi. Mimi Mahmudi. Nimeambiwa wewe ndiye daktari."

"Aleikum salaam. Daktari hana dawa, ana spana tu. Gari la wapi hili?"

"Limeundwa Kanada, bwana, likashushwa Mombasa. Mali ya Mwingereza haifi."

"Mwingereza mwenyewe anakufa. Usilizime kwanza, liungurume."

Gharibu akainamisha sikio.

Ford hufanana sura tu. Zile za Kanada, zilizopelekwa makoloni ya Mwingereza, zina usukani kulia na silinda pana. Sauti yake ni nene, kama mtu mzima anayekohoa. Zilizounganishwa Italia zina usukani kushoto, na nyingi zina silinda nyembamba, maana kule serikali hutoza ushuru kwa ukubwa wa injini.

Hii ilikuwa na kifua chembamba.

Akatazama saa ya mwendo. Ilihesabu maili, kama inavyotakiwa Kenya. Lakini skrubu zake zilikuwa mpya.

Labda lilibadilishwa injini. Labda. Huwezi kuwapandisha watu sita kwa labda.

"Zima sasa, nitazame betri," akasema.

"Betri nzima."

"Njia ya mchanga hiyo, ndugu yangu. Ikikufia huko, utasukuma na nani?"

Betri ya Ford ile hukaa chini ya mbao za sakafu. Gharibu akakunja zulia la mpira.

Upande wa kushoto, ubao ulikuwa na matundu matatu yaliyozibwa. Mawili ya pedali. Moja la mhimili wa usukani.

Usukani ulikuwa umehamishwa. Gari la Mtaliani lilivalishwa nguo za Kenya.

Kilichomshika Gharibu si matundu, bali namna yalivyozibwa. Fundi wa magari angepigilia bati akaenda zake. Haya yalitiwa vipande vya mti vilivyochongwa kufuata mishipa ya ubao, na kando ya kila kipande ikasindiliwa pamba iliyolowekwa sifa, mafuta ya papa.

Kalafati ya mashua. Ndani ya gari.

Ni mtu wa visiwani tu asiyeweza kuliacha tundu la ubao livuje, hata kama ubao hautaiona bahari.

Akanusa. Sifa mbichi.

Akapapasa. Uzi wa pamba ulisokotwa kwenda kushoto. Baba yao alikuwa wa mkono wa kushoto, akawafundisha wanawe wawili hivyo hivyo. Mmoja alikuwa amepiga magoti pale.

Mwingine alikuwa amesomewa khitma.

Akahisi mtu amesimama nyuma ya bega lake, anapumua. Hakugeuka.

"Vipi, fundi? Umeona jini?"

"Kutu."

Akalegeza waya wa betri kidogo tu, umeme wa plagi upite, wa starta ushindwe. Akakisukuma chini kijiti cha kuwahisha cheche, kilicho kwenye usukani, hadi mwisho. Kisha akaenda mezani kwenye koili kuukuu ya Modeli T. Wateja walidhani ni ya kupimia plagi. Ilikuwa redio. Kipokezi kilikuwa kwa Bi Arafa, ndani ya kikapu cha ufuta, na kisikilizio cha Siemens chini ya mtandio wake.

Bzz. Bzz. Bzz. Bzz. Bzz.

Tano fupi. *Mtego. Mtu asitoke.*

"Unapima nini?"

"Cheche. Nzuri. Haya, washa."

Mahmudi akakanyaga starta. Kimya.

"Si nilikwambia betri?" Gharibu akasema. "Shuka upige hendeli."

"Piga wewe."

"Bega langu bovu. Au koti litachafuka, bibi harusi?"

Mahmudi akatukana, akashika hendeli, akazungusha.

Cheche iliwaka mapema mno. Injini ikarudi kinyume, na hendeli ikarudi nayo. Mfupa wa mkono ukavunjika, ukasikika.

Yowe halijatoka vizuri, Gharibu alishamchomoa bastola yake ya Beretta kiunoni.

"Wanangoja wapi?"

"Kisimani... kabla ya Birikau. Bunduki kumi na mbili."

"Na askari wa kizuizi cha barabarani?"

"Wanalijua gari. Hawalipekui."

"Sakafu alitengeneza nani?"

Mahmudi alikuwa akilia. "Mfungwa. Wa visiwani. Aliambiwa azibe matundu, akaziba siku mbili nzima! Tulimcheka, tukamwuliza, litaelea?"

"Yuko wapi?"

"Homa ilimuua. Alhamisi iliyopita. Wallahi, fundi, sikumgusa."

Alhamisi iliyopita.

Miaka mitatu alikuwa hai. Walimsomea, wakala, wakanawa mikono, naye yu hai, anachonga. Mama peke yake ndiye aliyekuwa sawa.

Kidole kikakaza triga. Risasi moja ingeuamsha mji, na watu sita wangekufa kwa hasira ya mmoja.

Akakiondoa. Akamziba Mahmudi mdomo kwa pamba, akamfunga, akamteremsha katika shimo la kukarabatia, akafunika mbao. Akavaa koti na miwani yake. Akakaza waya, akapandisha kijiti.

Bzzzz. Bzzzz. Bzzzz.

Tatu ndefu. *Waje.*

Bi Arafa akaja nao, uso umemsawijika.

"Mwanangu, si ulisema mtego?"

"Ndiyo, Bi. Lakini mtego ndio wenye ruhusa ya kupita."

Kizuizini, askari akakitambua kijani kile, akanyanyua mti bila kuinuka kitini.

"Ndege wangapi leo?"

"Sita."

"Wanono?"

"Mifupa mitupu."

Askari akacheka. Ford ikapita.

Haikufika kisimani. Mbele ya Kudha, Gharibu akakata kushoto, akashuka mikokoni hadi mlango wa maji. Mashua mbili za Kamati zilikuwa pale kama kila wiki. Wale sita wakapanda ya kwanza. Mmoja alimshika mkono, akamwachia.

Gari akaliingiza mkondoni. Maji yakapanda, yakapenya milangoni, kwenye pedali, kwenye kila upenyo wa sakafu.

Kushoto, kwenye matundu matatu, halikuingia hata tone.

Gharibu akatazama mpaka maji yakafika magotini. Kisha akatoa spana, akaufungua ule ubao, akauweka begani. Miwani akaitupa. Beretta akaitupa. Nyuma yake Ford ikalala ubavu na kuzama. Hakuitazama.

"Hiyo mbao ya nini?" akauliza nahodha wa mashua ya pili.

"Ya mama," akasema. "Nipeleke Chovai. Kuna mtu hajala wali miaka miwili."